Karata Zikigawiwa Vibaya



Leo sizungumzii malaria wala kipindupindu. Nazungumzia karata. Mnacheka? Subirini kidogo. Ngumi ya jicho nayo ni suala la afya.

Tuchukue mfano. Jumamosi jioni, wanafunzi wanne wako gheto, ugali umeshaliwa, wanacheza turufu. Karata ni 52, kwa hiyo kila mtu apate 13. Mmoja anahesabu, anakuta 14. Aliyegawiwa wa mwisho ana 12. "Umefanya makusudi!" "Mimi mwizi?" Dakika mbili baadaye kigoda kiko hewani. Jumatatu mmoja yuko hospitali, mwingine amesimamishwa shule. Na chanzo? Karata mbili kuukuu zilizogandana kwa jasho la mikono.

Vijana, kosa ni kitu kimoja na wizi ni kitu kingine. Tukishindwa kuvitofautisha, tutaumizana bure. Basi fanyeni hivi:

1. Kubalianeni kabla ya kuanza. Kila mtu ahesabu karata zake kwanza. Zikizidi au zikipungua, zote zirudi, zichanganywe na kugawiwa upya. Karata ikifunuka wakati wa kugawa, hali kadhalika.

2. Wewe mgawaji, ukikosea sema mapema: "Samahani jamani, nimekosea." Hupungukiwi kitu.

3. Ukiona kosa, taja karata, usimtaje mtu. Sema "hesabu haijakaa sawa", usiseme "wewe mwizi".

4. Usichungulie karata za jirani, wala usimkonyeze mwenzako. Na wewe mtazamaji, kaa kimya.

Hata kwenye kasino, wanakocheza poka kwa fedha nyingi, mgawaji hukosea. Akikosea, mchezo husimama, karata huachwa zilipo, na msimamizi huitwa aamue. Wachezaji hawapigani. Sisi gheto hatuna msimamizi, lakini tuna mila. Wabarbaig wana kikao chao cha shauri, girgwageda, ambapo wazee husikiliza watu kabla ya kuamua. Mtashindwaje ninyi wanne kusikilizana kwa dakika moja?

Sasa tuje kwenye fedha. Mkiweka hata shilingi 500 mkekani, kosa dogo linageuka wizi machoni pa aliyeliwa. Pengine hiyo ilikuwa fedha yake ya unga wa wiki. Atalala njaa, na mwenye njaa na hasira haambiliki. Tena Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Na ukienda mnadani ukakuta wale wa karata tatu, pita zako. Pale mgawaji hakosei hata siku moja. Anakuibia kwa makusudi, na wale unaowaona wanashinda ni wenzake.

Sikatazi karata. Zinachangamsha akili na kuondoa uchovu wa masomo. Chezeni, chekeni, aliyeshindwa aoshe vyombo.

Nawaachia swali moja la kujadili huko gheto. Umegawiwa karata 14, zote nzuri, na hakuna mwingine aliyehesabu. Je, utasema?