Ujenzi, Kandarasi na Ujira wa Kibarua



Tumeombwa tuzungumze juu ya ujenzi na uchumi wa nchi yetu. Wengi hudhani kwamba hili ni jambo la wahandisi na mabenki. Sisi twaliona kuwa ni jambo la siasa, tena la kanisa.

Tazameni nyumba moja tu inapoinuka Nairobi. Mawe yamechongwa Ndarugo, mchanga umetoka Machakos au Makueni, saruji imesagwa Athi River. Katikati wamo madereva, wauza mabati, mafundi wa mabomba, na yule mama anayepakua githeri langoni saa saba mchana. Ni kazi chache mjini zinazompokea kijana asiye na cheti asubuhi na kumlipa jioni ya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anayegawa kandarasi za serikali hugawa unga wa maelfu ya jamaa, nayo ni mamlaka makubwa kuliko watu wanavyokiri.

Mamlaka hayo tuliyaona yakitumiwa vibaya. Mwaka 1989, chama kilichotawala peke yake kilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alipopinga, alitukanwa hata Bungeni. Mradi huo hatimaye uliachwa. Tungependa kusema kwamba vyama vingi viliikomesha tabia hiyo. La. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, yaagiza ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Hata hivyo, wapo wanakandarasi wanaongojea malipo ya serikali kwa miaka, na wao wakingoja, kibarua ndiye wa kwanza kulala njaa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja: hahesabiwi tena kuwa mtu wa kutwa. Wapo wasimamizi wa mjengo walijuao hilo vyema, nao humwachisha kabla mwezi haujatimia, kisha humwita tena.

Nasi makanisani tu wajenzi pia. Nabii Yeremia alimkemea mfalme Yehoyakimu kwa kujijengea jumba huku akiwatumikisha watu bila ujira. Ni mara ngapi kamati zetu za ujenzi zimepokea michango ya harambee kutoka kwa wageni wa heshima, bila kuuliza fedha hizo zilitoka katika kandarasi gani? Ni parokia ngapi zilizowakatia bima wale wanaopanda kuezeka paa, kama Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inavyomtaka mwajiri?

Twaomba basi kila kikundi kianze nyumbani. Daftari la vibarua liwe wazi, lenye majina, siku na malipo, lisomwe pamoja na hesabu za sadaka. Kisha twende kwenye ofisi za kaunti na kifungu cha 35 cha Katiba mkononi, tudai kuonyeshwa ni nani aliyepewa ujenzi wa zahanati yetu, kwa bei gani, na mafundi walilipwa lini.