Nyuzi si Sindano

Msikilizaji, shina la mkonge, huo wa mashamba ya Korogwe, lina inulini: nyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, wakazila bakteria wa utumbo mpana. Sisemi mtu akatafune mkonge! Inulini imo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Kunde na mbaazi za Handeni zina nyuzi za jamii nyingine, nazo huwalisha bakteria haohao.

Huko Calgary, Kanada, watoto wenye kisukari aina ya kwanza walipewa inulini kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa 2019. Kongosho zao zilionyesha dalili ya kutoa insulini zaidi kidogo, ila wastani wa sukari wa miezi mitatu haukupishana na wa wenzao ambao hawakupewa. Na waliomaliza utafiti walikuwa 38 tu.

Kwa hiyo anayekuuzia mnadani unga wa "kufufua kongosho" na kukwambia mtoto aache sindano, mpite. Bila insulini, kisukari cha aina ya kwanza huweza kuua ndani ya siku chache. Kunde mpikie. Ugali wa dona pia mpe, ukikumbuka kuwa nao ni wanga: tonge zikiongezeka, dozi hupigiwa hesabu upya.