Shamba kama Darasa: Kilimo Hai na Elimu ya Jamii katika Milima ya Uluguru

Mada hii inachunguza uhusiano uliopo kati ya shamba la kilimo hai na elimu ya jamii inayolizunguka, kwa kuchukua mfano wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ambako kwa zaidi ya miaka 70 wakulima wamefundishwa, wameamrishwa na wakati mwingine wameadhibiwa kwa jina la kuhifadhi udongo. Hoja inayotetewa ni kwamba maarifa ya kilimo hudumu mlimani pale mkulima anapopata nafasi ya kuyatilia shaka na kuyapima katika ardhi ambayo ana hakika ya kuilima tena msimu ujao. Sehemu ya pili ya sharti hilo, yaani hakika ya ardhi, ndiyo ambayo miradi mingi ya mafunzo huipita haraka.

Kilimo hai ni mfumo wa uzalishaji unaotegemea uhai uliomo ndani ya udongo, mzunguko wa mazao na mahusiano ya mimea na wadudu, badala ya mbolea na viuatilifu vya viwandani. Si kilimo cha kuliachia shamba lijiotee lenyewe, kama baadhi ya watu wanavyodhani, kwani mkulima wa kilimo hai hufanya kazi nyingi zaidi na huhitaji kujua mengi zaidi kuliko jirani yake anayenunua mfuko dukani. Jina hilo limekuwa pia nembo: mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipata kiwango cha pamoja cha mazao ya aina hii, na alama yake ikaitwa Kilimohai.

Kabla ya kutazama mashamba ya leo ni lazima kukumbuka matuta ya jana. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ngazi, yaani kuukata mteremko kuwa vipande tambarare vinavyofuatana kama madaraja, na kuwakataza kuchoma mashamba. Lengo lilikuwa la maana, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwepo na mito ya Uluguru, Ruvu ukiwa mmojawapo, hunywesha watu wengi wa tambarare. Lakini udongo wa juu katika sehemu nyingi za milima hiyo ni mwembamba, na mchimbaji alipoukata mteremko aliufukia udongo wenye rutuba na kuufunua ule usiozaa. Mkulima aliliona hilo kwa macho yake katika mavuno ya kwanza, ila hapakuwa na mahali pa kulisema likasikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, katika milima hiyo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba Waluguru hawakuikataa hifadhi ya udongo. Walilikataa somo lisiloruhusu swali.

Ni kwa kulinganisha na historia hiyo ndipo umuhimu wa shamba darasa unapoonekana. Shamba darasa ni kikundi cha wakulima kinachokutana mara kwa mara katika kipande kimoja cha ardhi, kikipanda zao lilelile kwa njia mbili au zaidi na kufuatilia tofauti hadi kuvuna. Utaratibu huu ulianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, kisha ukaingia Afrika Mashariki. Uluguru nako, katika kijiji cha Towelo, juu ya mji wa Morogoro, bustani ya mfano iliyoitwa Bustani ya Tushikamane ilianzishwa mwaka 2009, na kutokana nayo likazaliwa shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, ambalo lina kituo cha mafunzo ya wakulima huko Vianzi.

Somo la mboji linaeleza vizuri zaidi jinsi shamba linavyofundisha. Mboji ni mbolea inayotokana na kuoza kwa mabaki ya mimea, majani mabichi na samadi vilivyopangwa kwa tabaka, na kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinahitaji hewa, maji na uwiano mzuri wa vitu vikavu na vibichi. Maelezo hayo yakitolewa ubaoni husahaulika. Shambani, fimbo ndefu huchomekwa katikati ya rundo, na baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa kiganjani: ikiwa ya moto na yenye unyevu, rundo linafanya kazi, ikiwa ya moto lakini kavu, linataka maji, ikiwa baridi, linataka kugeuzwa au kuongezewa majani mabichi. Mtu asiyejua kusoma huisoma fimbo hiyo sawasawa na mwenye shahada, pengine upesi zaidi. Vivyo hivyo, dawa ya majani au mbegu za mwarobaini hunyunyizwa jioni kwa sababu jua huiharibu, na mkulima aliyewahi kuinyunyiza saa sita mchana akaona viwavi wanaendelea kula hahitaji kukumbushwa.

Hata hivyo, mboji ni nzito na mlima ni mkali. Mkulima wa Uluguru hubeba mzigo kichwani, mara nyingi ni mwanamke, na ndiyo sababu mafunzo yenye busara huelekeza mboji itengenezwe kando ya tuta, au mbuzi wafugwe bandani karibu na bustani, kama ilivyozoeleka Mgeta, katika milima hiyohiyo, ambako mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe waliletwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kupima mafanikio ya kituo kwa idadi ya waliohudhuria, bila kuuliza ni ndoo ngapi za mboji zimepandishwa mlimani, ni kujidanganya.

Tatizo la ardhi ni zito kuliko ndoo. Kwa desturi ya Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama na ardhi ni mali ya ukoo, hivyo mtu anaweza kulima kipande cha ukoo mwingine kwa ruhusa tu. Mti wa kudumu huhesabiwa kuwa dai la umiliki, na kwa hiyo mwenye ruhusa hazuiwi kupanda kabichi ila huzuiwa kupanda mti. Kilimo hai, ambacho matunda yake makubwa huonekana baada ya misimu kadhaa na ambacho hutegemea miti kushikilia mteremko, humtaka mkulima huyo awekeze katika udongo utakaoneemesha watu wengine. Asipotekeleza alichofundishwa, mratibu wa mafunzo huandika kwamba anahitaji mafunzo zaidi. Inapendekezwa basi kwamba wakuu wa ukoo, pamoja na kina mama wazee ambao ardhi hupita kwao, waitwe katika shamba darasa tangu siku ya kuchagua eneo, na kwamba muda wa kulima na ruhusa ya kupanda miti viandikwe mbele ya baraza la kijiji kabla ya rundo la kwanza la mboji kujengwa.