Programu Huria za Picha: Unalipia Nini?



Wenye studio ndogo na wachapaji wa kadi za michango wanaijua hali hii. Mtu hununua kompyuta ya mtumba, kisha hudaiwa fedha nyingine ya kuwekewa programu ya picha. Mara nyingi kinachowekwa ni nakala ya wizi ya programu ya kulipia. Nakala hiyo haina leseni wala masahihisho ya usalama, na yaweza kuingia na virusi vya kuharibu picha za harusi, ambayo hairudiwi. Tena programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999.

Ipo njia halali. Katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, GIMP hurekebisha picha, Inkscape huchora nembo na mabango, na darktable husafisha picha ghafi za kamera bila kuigusa picha ya asili. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zote tatu hufanya kazi hata katika Windows.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili: bure na huria. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kumpa jirani na hata kuibadilisha. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kushiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Leseni hizo hazimkatazi fundi kudai fedha. Kwa hiyo mwulizeni: tunalipia nini? Akijibu kuwa ni kazi yake na bando alilotumia, huo ni ujira wa haki, nanyi mpatane. Akisema ni bei ya leseni ya GIMP, mkatalieni, kwa sababu leseni hiyo haina ada. Ombeni risiti inayotaja kazi iliyofanywa. Mwambieni pia aichukue programu kutoka ghala rasmi la mfumo wenyewe, au tovuti ya watengenezaji.

Hatuwaambii kwamba programu hizi hazina upungufu. Faili la Photoshop likifunguliwa katika GIMP, baadhi ya tabaka na maandishi huweza kubadilika. Aidha, GIMP huhifadhi kazi kwa muundo wake, XCF, ambao simu ya mteja kwa kawaida haiufungui. Picha ya kumpa mteja hutolewa kando, kwa amri ya kusafirisha, ikiwa JPEG. Rangi nazo zahitaji uangalifu. Kabla ya kupokea malipo ya awali ya kadi mia mbili, pelekeni kadi moja ya majaribio kwa mwenye mashine ya kuchapa, mwitazame ikiwa juu ya karatasi.