Mkono Mmoja Haulei Mwana

Jioni hii twataka kunena juu ya nyumba yenye mzazi mmoja, na kuuliza kwa nini umaskini huingia humo upesi kuliko katika nyumba ya wazazi wawili. Wako wasemao kwamba ni uvivu. Natutazame shamba kwanza, ndipo tuhukumu.

Katika nchi ya Bariadi, na Mkoa wote wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, watu wengi huishi kwa pamba, mahindi, mtama na ng'ombe. Mvua za kwanza zinyeshapo, kila mtu hutaka kulima siku zile zile. Plau yataka watu wawili: mmoja huongoza maksai mbele, mwingine hushika plau nyuma. Mama aliye peke yake na watoto wadogo hana mtu wa pili. Akiwa hana maksai pia, hungoja mpaka wenye maksai wamalize mashamba yao. Basi hupanda akiwa amechelewa, na pamba iliyochelewa huzaa haba. Wakati huo chakula kimekwisha ghalani. Hana budi kupalilia shamba la mwingine apate ujira wa leo, huku magugu yakisonga shamba lake mwenyewe. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao. Je, huo ni uvivu?

Tena yako mambo mawili. La kwanza ni maradhi. Penye watu wawili, mmoja akiugua mwenziwe hushika jembe; penye mmoja, homa ya juma moja husimamisha kazi yote, na mtoto hutolewa shuleni achunge ng'ombe au ateke maji. La pili ni mali. Mume akifa, mara nyingine ndugu zake huchukua shamba, wakisema ndiyo mila. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila imnyimayo mwanamke haki ya ardhi ni batili. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa baba kumtunza mwanawe, hata kama hakai na mama yake. Mama aliyeachwa aweza kwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, na hata mahakamani.

Hatusemi ya kuwa kila nyumba ya mzazi mmoja ni maskini, wala kwamba ndoa peke yake ni dawa. Maana mume anywaye fedha za pamba huongeza kinywa, haongezi mkono.

Wasukuma tangu zamani walikuwa na vikundi vya kulima mashamba kwa zamu, kwa ngoma na nyimbo. Hekima hiyo yafaa hata leo. Kabla ya mvua, kila kitongoji na kihesabu nyumba zenye mkono mmoja, na maksai waende kwao siku za kwanza, si za mwisho. Siku moja ya plau kwa wakati wake ni bora kuliko debe la nafaka la kuombwa wakati wa njaa.