MASHINE HUSEMA, FUNDI HUFIKIRI
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa magari. Nimechagua jambo moja tu: jinsi ya kutafuta ugonjwa wa gari la mbio lililobadilishwa na mwenyewe, kwa kutumia mashine za kupimia.

Wazee wenzangu mtakumbuka kwamba mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza. Ndugu za gari lile wamo barabarani mwetu hata leo, na vijana wanapenda kuyaongezea nguvu: ekzosi pana, kichujio kikubwa cha hewa, geji ya kupima msukumo wa turbo. Si vibaya. Lakini kila unachoongeza ni mlango mpya wa kuingilia ugonjwa.

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia matoleo ya 1996, na magari mapya ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001, yalilazimishwa na sheria yawe na mfumo wa kujipima. Chini ya dashibodi lipo tundu la pini 16. Ukichomeka mashine, kompyuta ya gari hukupa namba ya kosa. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani namba ni jina la kifaa kilichokufa. Sivyo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua.

Chukueni mfano wa Impreza moja yenye turbo iliyoletwa karakanani. Taa ya injini inawaka, sailensa haitulii, na mashine inasoma P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Mwenyewe alikwisha nunulishwa kwingine sensa mbili za oksijeni na pampu ya petroli. Fedha zimekwisha, taa bado inawaka.

Wadogo zetu wa kidato cha tatu, hapa kemia yenu inaingia kazini. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu moja inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Sensa iliyo karibu na kichujio hupima hewa inayoingia. Sensa ya oksijeni katika ekzosi huonja moshi unaotoka. Kompyuta ikiona petroli ni haba huongeza, na kiasi inachoongeza huonekana katika mashine kwa asilimia.

Basi hatukununua kitu. Tulisoma asilimia hiyo mara mbili. Injini ikiwa sailensa, ilisoma asilimia 24 juu. Tulipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi asilimia 6. Fikirini. Kama pampu ingekuwa dhaifu, upungufu ungezidi pale injini inapohitaji petroli nyingi. Huu ulipungua. Kwa hiyo ipo hewa inayopenya bila kupita kwenye sensa. Injini inapovuta hewa kidogo, ile ya wizi ni sehemu kubwa. Inapovuta nyingi, ile ya wizi haionekani sana.

Tukazima injini, tukapuliza moshi wa mashine ndani ya njia ya hewa. Moshi ukatokea kwenye mpira mwembamba uliofungwa kwa ajili ya ile geji ya turbo. Ulikuwa umepasuka mahali ulipochomekwa. Tukaweka mpira mpya na klipu, tukafuta namba, tukapima tena: asilimia 3. Kisha tukaliendesha gari barabarani na kupima mara ya tatu, maana gari halijapona mpaka lipone likiwa kazini.

Mtu aweza kusema, mpira tu, kelele za nini? Hasara ya kwanza ni fedha za mwenyewe zilizokwenda bure. Ya pili ni hatari kubwa zaidi. Injini ya turbo ikisukumwa kwa nguvu huku petroli ni haba, mchanganyiko hulipuka vibaya ndani ya silinda, na pistoni huweza kuvunjika au kuyeyuka. Fundi anayezima taa bila kujua chanzo chake anamrudisha mwenye gari barabarani na injini iliyokwisha hukumiwa.

Kwa hiyo nawaachia taratibu nne. Kwanza, muulize mwenye gari ni kitu gani kilibadilishwa, na lini. Anza kutafuta hapo. Pili, andika namba zote kabla ya kuzifuta. Tatu, soma vipimo injini ikiwa katika hali zaidi ya moja. Nne, usibadilishe kifaa mpaka kipimo kimekihukumu.

Ndugu zangu wenye karakana, tuwapokee vijana hawa wakati wa likizo waje kushika spana. Nanyi vijana, msidharau fizikia na kemia mkidhani ufundi ni kazi ya mikono mitupu. Mashine ya kupimia huuzwa dukani na kila mwenye fedha aweza kuinunua. Akili ya kuisoma hupatikana hapa, katika madawati haya.