UCHOVU WA AKILI KAZINI NI SUALA LA HAKI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Nakwa, Babati



Tulipomtembelea hospitalini kijana aliyekatwa vidole viwili na mashine, swali letu la kwanza lilikuwa: "Je, ulikuwa umekunywa?" Hakuwa amekunywa. Alikuwa amefanya zamu ya mchana, kisha akaunganisha na ya usiku kwa sababu mwenzake hakufika. Taarifa ya ajali ilisema "uzembe wa mfanyakazi". Nasi, kwa swali letu, tulikuwa tumeitia sahihi.

Uchovu wa mwili huonekana. Uchovu wa akili hujificha. Macho yako wazi, lakini mkono huchelewa kutii. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mwajiri anayeruhusu mlevi kugusa mashine. Mbona aliyekesha huruhusiwa?

Uchovu huu hupimika. Mfanyakazi huweza kujipa alama, kutoka 1 (yu macho kabisa) hadi 9 (anashindana na usingizi), kama kipimo cha Karolinska cha Sweden kinavyoelekeza. Huweza pia kupimwa ni kwa muda gani anabonyeza kitufe baada ya kuona taa. Lakini kipimo kilicho karibu nasi ni daftari la zamu: nani aliingia saa ngapi, akatoka saa ngapi.

Kinga nayo imekwisha kuandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na saa 12 kwa siku pamoja na ziada. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Na kila juma apate angalau saa 24 za kupumzika. Kabla ya sheria hiyo, Kitabu cha Kutoka (23:12) kiliagiza pumziko hata kwa punda na mgeni. Naye Papa Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha kuwa pumziko lilingane na nguvu zilizotumika.

Wapendwa, tusinyoshe kidole kwa wenye viwanda tu. Mlinzi anayelinda kanisa letu usiku, je, asubuhi hatumtumi kufyeka majani? Haki ianzie uani mwetu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Nani kati yetu anaunganisha zamu, na ni kwa hiari au kwa hofu ya kufukuzwa?
2. Wanaotufanyia kazi majumbani hulala saa ngapi?
3. Ajali ikitokea, tutauliza kwanza nini?